Baada ya Pafu Kukatwa: Namna ya Kufuatilia Saratani Isirudi Kimyakimya

Baba alipotolewa mirija kifuani baada ya upasuaji, daktari alituambia, "Tumeitoa yote." Nyumbani Umoja, hapa Nairobi, tulichinja mbuzi, majirani wakafurika, mama akaimba hadi sauti ikamkauka. Ilituchukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba "yote" ya daktari ni yote inayoonekana: kwa macho, kwa vidole, na kwa hadubini kwenye kingo za nyama iliyokatwa. Chembe iliyopenya kwenye damu au tezi kabla ya kisu kufika haionwi na mtu.

Saratani ya mapafu huwa ya namna mbili kuu. Ile ya chembe ndogo hukimbia sana na ni nadra kupasuliwa. Ile nyingine, isiyo ya chembe ndogo, ndiyo kama asilimia 85 ya zote, na ndiyo hupelekwa kwa mpasuaji ikiwahiwa mapema. Hata hivyo, kati ya waliopasuliwa kwa nia ya kuponywa, wanaorudiwa ni kuanzia thuluthi moja hadi nusu hivi, kutegemea ilikuwa imefika hatua gani. Wengi hurudiwa ndani ya miaka miwili ya kwanza. Siandiki haya ili ukose usingizi. Nayaandika kwa sababu miaka hiyo miwili ndiyo watu wengi huacha kwenda kliniki, kidonda kimepona, mgonjwa anakula, na nauli imekuwa shida.

Hatua ya kwanza: usitoke hospitalini mikono mitupu

Kabla ya kulipa bili ya mwisho, dai vitu vinne. Cha kwanza ni maelezo ya upasuaji wenyewe: kilikatwa kipande gani. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, na daktari mwingine atakayemwona mgonjwa mwaka ujao lazima ajue imebaki ipi. Cha pili ni ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya nyama iliyokatwa. Cha tatu ni picha za CT (skani ya kompyuta) kwenye CD, maana karatasi ya maelezo peke yake haitoshi. Cha nne ni habari tu: ile nyama iliyogandishwa ndani ya nta imehifadhiwa maabara gani, na kwa nambari gani. Mwaka mmoja baadaye unaweza kuambiwa ipimwe vinasaba, na hapo ndipo watu huanza kuzunguka Upper Hill jengo baada ya jengo wakiulizana iko wapi.

Karani akikwambia faili ni mali ya hospitali, msalimie vizuri, mwambie unataka nakala tu. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake mwenyewe. Mimi sikuwahi kufika hapo pa kutaja sheria. Kukaa kwenye benchi saa tatu bila kuondoka kulitosha.

Ripoti ya patholojia isome, hata kama huielewi yote. Tafuta mambo matano: aina (adenokasinoma au skwamasi), ukubwa kwa sentimita, kama kingo zilikuwa safi, tezi za limfu ngapi zilitolewa na ngapi zilikuwa na saratani, na hatua ya ugonjwa. Mstari wa tezi ndio unaobeba uzito mkubwa. Ikiwa hakuna tezi iliyopimwa kabisa, muulize daktari kwa nini, kwa sababu hapo hiyo hatua iliyoandikwa ni ya kukisia kidogo.

Hatua ya pili: ndani ya miezi miwili, mwone daktari wa saratani

Mpasuaji hukata, dawa za baadaye huamuliwa na daktari wa onkolojia. Ni watu wawili tofauti, na mara nyingine katika majengo mawili tofauti, na usipombeba mgonjwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine hakuna atakayekubebea.

Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, baada ya upasuaji hupewa hasa walio katika hatua ya pili na ya tatu ya ugonjwa, na baadhi ya wale ambao uvimbe wao ulikuwa mkubwa, kama sentimita 4 na zaidi. Kwa kawaida huanza kidonda kikishapona, wiki sita hadi nane hivi. Huwa ni mizunguko minne, kila mmoja baada ya wiki tatu, na msingi wake ni dawa inayoitwa sisplatini. Faida yake iseme kwa namba ili familia iamue macho wazi: ukichukua watu 100, kemo hiyo huongeza kama watu 5 walio hai baada ya miaka mitano. Wengine husikia hiyo wakasema ni kidogo. Baba alisema, "Na kama mimi ni mmoja wa hao watano?" Akaenda.

Sisplatini huumiza figo na masikio. Mwambie daktari mapema kama mgonjwa ana kisukari, presha au shida ya kusikia. Na siku za kemo, weka kipimajoto nyumbani. Joto likifika nyuzi 38, hasa wiki ya pili baada ya dripu, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Usimpe Panadol usubiri kuche. Damu yake haina askari wa kutosha, na maambukizi yanaweza kumwangusha kwa saa chache.

Muulize daktari pia kuhusu kipimo cha vinasaba vya saratani yenyewe, hasa viitwavyo EGFR na ALK, na hasa kama mgonjwa ana adenokasinoma na hajawahi kuvuta sigara. Wenye badiliko la EGFR wanaweza kupewa vidonge vya osimertinib kila siku kwa miaka mitatu baada ya upasuaji. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha asilimia 88 ya waliovitumia walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 78 ya wasiopewa. Bei yake ni ya kuuza shamba. Hata hivyo pima. Jibu hilo litatumika tena kama ugonjwa utarudi, na kuna vidonge vya zamani vya jamii hiyo vilivyo nafuu zaidi.

Hatua ya tatu: kalenda ya skani

Mpango wa kawaida ni kuonwa na daktari na kupigwa CT ya kifua kila miezi sita kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza, kisha mara moja kwa mwaka. Usikubali eksirei ya kawaida iwe badala yake. Eksirei huona kitu kikishakuwa kikubwa, na kwenye kifua kilichopasuliwa, penye kovu na mbavu zilizosogezwa, huona kidogo zaidi.

Sasa neno ambalo ningelitundika ukutani kama ningeweza: skani moja peke yake haisemi kitu, husema ikilinganishwa na iliyotangulia. Baba alipigwa picha yake ya pili mahali tofauti kwa sababu palikuwa na foleni fupi. Tulisahau CD nyumbani. Ripoti ikaja imeandikwa kuna kinundu cha milimita 5 upande wa kushoto. Kwa wiki mbili nyumba yetu ilikuwa ya matanga. Tulipopeleka CD ya zamani, mtaalamu aliangalia dakika tano akasema kinundu hicho kilikuwepo tangu kabla ya upasuaji, ukubwa uleule. Kovu dogo tu, la ugonjwa wa zamani.

Kwa hiyo: ikiwezekana piga mahali pamoja kila mara. Isipowezekana, beba CD zote, umkabidhi mtu wa mashine kabla mgonjwa hajalala kitandani, na umwombe kwenye fomu paandikwe "linganisha na picha ya" tarehe fulani. Siku chache kabla, mgonjwa apimwe kreatinini ili ijulikane kama figo zinahimili ile dawa inayodungwa kwenye mshipa kung'arisha picha. Anayemeza metformin kwa sababu ya kisukari aseme. Anaweza kuambiwa aisimamishe kwa muda.

PET ni kitu kingine: skani ambayo sehemu zinazotumia sukari nyingi, kama saratani, huwaka. Hapa Nairobi mashine hiyo ipo Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa. Si ya kupigwa kila miezi sita. Huitishwa CT inapoonyesha jambo la kutilia shaka. Mgonjwa hufunga kula saa kadhaa kabla, na sukari ikiwa juu siku hiyo mnaweza kurudishwa. Chai yenye sukari aliyokunywa alfajiri "kidogo tu" imeshawapotezea watu safari nzima.

Hatua ya nne: daftari la nyumbani

Nunua daftari la kurasa 96. Kila Jumapili andika mambo manne: uzito, kikohozi, maumivu na pumzi. Pumzi ipime kwa kitu anachokifanya kila siku. Sisi tulitumia ngazi: Baba alipanda hadi orofa ya tatu bila kusimama mwezi wa saba baada ya upasuaji. Siku alipoanza kusimama orofa ya pili, daftari lilijua kabla yake, maana yeye alisema ni uzee.

Maumivu kwenye mstari wa mshono, ganzi chini ya titi, hisia ya kuungua ukivaa shati: hayo yanaweza kukaa miezi mingi kwa sababu mishipa ya fahamu kati ya mbavu iliguswa. Si lazima iwe saratani. Yanayotaka simu kwa daktari bila kungoja tarehe ya kliniki ni kikohozi kilichobadilika na kudumu zaidi ya wiki tatu, damu kwenye makohozi hata kama ni mstari mwembamba, sauti kukwaruza bila mafua, kupungua uzito bila sababu, na maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku. Saratani hii ikitoka kifuani hupenda kwenda kwenye ubongo, mifupa, ini na tezi zilizo juu ya figo.

Kuna mambo matatu yasiyongoja hata kesho. Kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika, degedege, au upande mmoja wa mwili kulegea. Uso na shingo kuvimba, mishipa ya kifuani ikitokeza. Na mgongo unaouma pamoja na miguu kukosa nguvu au mkojo kushindikana: huo ni uti wa mgongo unaobanwa, na tofauti kati ya kutembea na kiti cha magurudumu huwa ni saa, si siku. Chukua teksi, nenda kwenye idara ya dharura ya hospitali kubwa, na ukifika sema kwanza, "Huyu aliwahi kuwa na saratani ya mapafu." Usiposema, ataandikiwa dawa ya mgongo.

Hatua ya tano: ikionekana kitu, usikubali jina bila ushahidi

Hapa ndipo tulipoumia, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Mwezi wa kumi na nne, Baba alianza kukohoa na kutoka jasho usiku. CT ikaonyesha tezi zimevimba katikati ya kifua. Mahali tulipompeleka waliangalia picha, wakasema TB, wakamwanzishia dawa. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, mashine ya kusaka TB, hayakuonyesha kitu. Wakasema wakati mwingine haionekani. Ni kweli, wakati mwingine haionekani. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB duniani, na daktari anayeona kikohozi, jasho na kukonda hafikirii kingine kwanza. Lakini tulikaa miezi miwili tukimeza vidonge, mkojo wa rangi ya machungwa, tezi zikiendelea kukua. Kumbe ilikuwa saratani imerudi.

Hatari iko pande zote mbili. TB na hata maambukizi ya kawaida huwaka kwenye PET kama saratani inavyowaka. Aliyepigwa mionzi anaweza kupata uvimbe wa pafu mwezi mmoja hadi sita baadaye, nao kwenye picha unafanana na ugonjwa uliorudi. Kwa hiyo yeyote akikwambia "imerudi" au "ni TB" kwa kutazama picha tu, mwulize kwa adabu: "Daktari, tunaweza kupata kipande kikapimwe?" Kipande hutolewa kwa kamera inayopitishwa kwenye koo hadi kwenye njia za hewa, au kwa sindano kupitia mbavu ikiongozwa na CT. Omba kigawanywe: sehemu iende patholojia, sehemu ipimwe TB. Safari moja, majibu mawili.

Kipande husaidia kwa jambo la tatu. Si kila saratani inayoonekana baadaye ni ile ya zamani. Aliyewahi kuugua hii yuko katika hatari ya asilimia 1 hadi 2 kila mwaka ya kupata mpya kabisa kwenye pafu lililobaki, na mpya ikiwahiwa ikiwa ndogo inaweza kutibiwa kwa nia ya kuponya.

Na ikiwa kweli ana vyote viwili, saratani na TB, mwambie daktari wa saratani jina la kila kidonge. Rifampisini ya TB hushusha nguvu ya osimertinib na ndugu zake mwilini. Mitishamba nayo itaje. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, bado itaje.

Hatua ya sita: ikithibitika imerudi

Swali la kwanza si "amebakiwa na muda gani." Ni "iko wapi, na ni mahali pangapi?" Hilo huhitaji picha ya mwili mzima na ya kichwa kwa MRI.

Ikiwa imerudi mahali pamoja kifuani, bado kuna mlango wa matibabu ya nguvu: kukatwa tena kwa wachache wenye pumzi ya kutosha, mionzi mikali ya kulenga kinundu kimoja kwa siku chache, au mionzi pamoja na kemo kwa tezi za katikati. Baba alipata hiyo ya mwisho: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Wiki ya nne kumeza mate kulikuwa kama kumeza kaa. Uji mwepesi, maziwa ya baridi na ndizi zilizopondwa ndivyo vilimfikisha. Kinundu kimoja kwenye ubongo nacho kinaweza kulengwa kwa mionzi. Si lazima familia ianze kugawana vitu.

Ikiwa imesambaa mahali pengi, lengo hubadilika kuwa kuizuia na kumpa mtu siku nzuri. Hapo jibu la vinasaba ndilo huamua: wenye badiliko linalofaa humeza vidonge, wengine hupewa kemo, au dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumabu kutegemea kipimo cha PD-L1, alama kwenye saratani inayosaidia kujua kama dawa hizo zitafaa. Ndiyo maana nilikwambia ujue ile nta iko maabara gani.

Siku hiyohiyo omba kuonana na watu wa tiba shufaa, yaani wa kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa. Najua jina "hospisi" linavyosikika kwa masikio ya wazazi wetu. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioonwa na tiba shufaa tangu mwanzo waliishi vyema zaidi na pia muda mrefu zaidi, kama miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Nairobi Hospice iko papo hapo kwenye uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, tangu 1990. Ukihitaji kulia na mtu asiye wa ukoo, Faraja, shirika la kusaidia wenye saratani, wanatoa ushauri kwa wagonjwa na wanaowauguza. Na morfini ya maji ikipimwa sawasawa haimfanyi mzee kuwa mlevi, inamfanya alale. Mwombe daktari aandike na dawa ya choo pamoja nayo, maana itamfunga.

Hatua ya saba: pesa, kabla hazijaisha

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 za ziada kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hurekebishwa, kwa hiyo uliza dirishani kikomo cha sasa ni kipi na kimebaki kiasi gani. Hali ya malipo yako utaiona kwa kubonyeza *147#. Kumbuka neno "kaya": kama mama naye anatibiwa, mnachota kisima kimoja. Asiyeajiriwa hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, na ukichelewa, idhini ya kemo haitoki.

Skani na mionzi huhitaji kuidhinishwa kabla. Usimpeleke mgonjwa amefunga kula huku idhini haijatoka. Piga simu siku moja kabla. Harambee nayo ifanyeni mapema, kwa bajeti iliyoandikwa, mweka hazina akiwa mtu mmoja na risiti zikipigwa picha kwenye kikundi. Watu huchoka kuchangia "ugonjwa". Hawachoki kuchangia "CT ya Machi."

Hatua ya nane, fupi lakini ngumu

Sigara iishe, ya mgonjwa na ya anayevuta karibu naye. Kuendelea kuvuta huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi na wa mwingine mpya kuzaliwa. Jiko la makaa litoke ndani. Atembee kila siku, hata kama ni hadi dukani na kurudi. Apate chanjo ya mafua na ya nimonia, kwa tarehe ambazo daktari wa saratani ataafiki.

Baba sasa yuko mwaka wa nne tangu upasuaji. Anapanda hadi orofa ya pili, anasimama, anajifanya anamsalimia jirani, kisha anaendelea. Skani ijayo ni Februari. CD zote ziko kwenye begi la buluu nyuma ya mlango, daftari likiwa juu yake, na mama ameshaambiwa: chai siku hiyo hakuna.